Andika Saa: Jinsi ya Kulinda Haki za Watu wa Mtaa Wenu Mombasa

Mpwa wangu alichukuliwa na polisi Alhamisi alasiri huku Kisauni, akiwa amekaa nje kwa kinyozi akingoja zamu yake. Walichukuliwa vijana watano, wakapakiwa garini, mtaa mzima ukiangalia. Dada yangu alipofika kituoni usiku ule akaambiwa kitabuni imeandikwa kijana amekamatwa saa mbili usiku. "Mama, wewe ulikuwepo?" Hakuwepo. Sisi tuliokuwepo tulipita kumi, na hakuna hata mmoja aliyetazama saa.

Saa tano zile zilimgharimu siku tatu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Sasa piga hesabu. Aliyekamatwa Alhamisi saa tisa alasiri, saa zake zinaisha Ijumaa saa tisa, mahakama iko wazi. Aliyeandikwa Alhamisi saa mbili usiku, zake zinaisha Ijumaa usiku, mlango umefungwa, na kituo kina hadi Jumatatu jioni. Mpwa wangu aliachiliwa Jumatatu bila shtaka lolote. Kibarua chake bandarini kilikuwa kimeshapata mtu mwingine.

Kikundi chetu kilizaliwa wiki hiyo. Haya ninayoyaandika ni kwa mtaa wowote wa Mombasa, uwe Likoni, Majengo, Changamwe au Mishomoroni, unaotaka kufanya vivyo hivyo. Hayahitaji wakili wala mfadhili ili kuanza.

Hatua ya kwanza: anzeni na wale wanaoshinda nje

Msianze na watu wenye vyeo. Anzeni na wanaoona: mama wa mahamri anayefungua meko alfajiri, kinyozi, muuza kahawa, vijana wa bodaboda na tuktuk pale steji, mwenye kibanda cha M-Pesa. Hao wanajua gari lipi limepita na limepita saa ngapi. Ongezeni mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na subira, na mmoja anayeheshimiwa na wazee, kama ustadh wa madrasa au mama wa kanisa. Saba wanatosha. Sisi tulianza na ishirini, tukabaki sita, na wale sita ndio waliofanya kazi.

Lazima wawemo wanawake, na si kwa kupamba kikundi. Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kufika kituoni, na ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani kwa maneno matamu. Akifika na mwenzake mwenye daftari, mazungumzo hubadilika.

Mwarifuni mzee wa mtaa na chifu kwamba mnakutana kusomeshana Katiba. Si kuomba ruhusa, maana Kifungu cha 36 kinampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake na cha 37 haki ya kukusanyika kwa amani. Ni kuzima uvumi kabla haujawaka. Na jambo moja nalisisitiza: mwanasiasa asikaribishwe kwenye kikundi, hata akija na viti na sufuria za pilau. Siku mtakayohitaji kumlalamikia rafiki yake, mdomo wenu utakuwa umeshiba pilau yake.

Hatua ya pili: someshaneni machache, kwa kuigiza

Katiba ina vifungu 264. Msijaribu kuvisoma vyote. Kwa mtaa wa kawaida chukueni vitano: cha 29, kwamba hakuna kuteswa wala kuwekwa ndani bila sababu ya haki, cha 31, cha faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake, cha 37, cha kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa amani, cha 49, cha aliyekamatwa, na cha 53, cha watoto. Tafsiri ya Kiswahili ya Katiba ipo, itumieni. Mkipata neno gumu, libadilisheni hapohapo kwa lugha ya nyumbani.

Hotuba hazikai kichwani. Tulijaribu, watu wakasinzia. Kilichokaa ni maigizo: mmoja awe askari, mmoja kijana, mmoja mama, wengine majirani. Askari amwambie kijana apande gari. Kijana aseme nini? Tumekubaliana maneno matatu, na hata wajukuu wanayajua: "Afande, nimekamatwa kwa kosa gani? Napelekwa kituo gani? Naomba nimjulishe mtu wangu." Basi. Baada ya hapo ananyamaza, kwa sababu Kifungu cha 49 kinampa haki ya kunyamaza, na cha ziada atakachosema kwa hasira kitaandikwa.

Igizeni pia makosa. Kijana akimbie, muone yanayofuata. Jirani ashike mkono wa askari, muone naye anavyopakiwa garini. Watu wakishajiona wakikosea kwenye mchezo, siku yenyewe mikono hutulia. Siwezi kulisema hili kwa upole: kupigania mtu barabarani kunaweza kumuua. Mlindeni kwa macho na kalamu.

Hatua ya tatu: siku ya msako

Mama wa mahamri wa mtaa wetu alitufundisha kazi hii bila kujua. Miezi kadhaa baada ya mpwa wangu kutoka, gari lilikuja tena. Yeye hakusimama. Alichana kipande cha boksi la mafuta ya kupikia, akachukua kalamu ya mwanawe wa shule, akaandika: *Jumatano. Saa 9.40 alasiri. Gari la kijani, namba hii. Vijana 6. Askari 4, mmoja bila sare. Wa mbele ana namba kifuani.* Namba yenyewe akaiandika kando, kwa herufi kubwa. Kipande kile kina doa la mafuta mpaka leo, na ndicho tulichokwenda nacho kituoni. Tulipotaja saa 9.40 na namba ya gari, yule afisa wa kaunta alikitazama kile kiboksi kwa muda, kisha akaandika saa ileile.

Kwa hiyo, andikeni saa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha siku, mahali hasa mtu alipokuwa, namba ya gari, idadi ya askari, namba au jina lililo kwenye sare, majina ya waliochukuliwa, na kama kuna aliyepigwa, amepigwa wapi mwilini. Kila shahidi aandike chake kivyake. Msikae mkapatanisha maelezo, maana yakifanana neno kwa neno hayataaminika, na ni haki yasiaminike.

Picha za simu zina kazi yake, lakini mpige kwa mbali, mkiwa mmesimama mahali penu, bila kumfuata askari na simu usoni. Ndani ya kituo, simu mfukoni, tumieni karatasi. Na picha ya kijana aliyefungwa pingu isirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kesho ataachiliwa, na picha itabaki ikimtangaza kuwa mwizi.

Hatua ya nne: kituoni

Nendeni wawili au watatu, si umati. Vaeni vizuri. Msalimieni afisa wa zamu, jitambulisheni, kisha ulizeni kwa mpangilio huu: fulani yuko hapa? Ameandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, namba ngapi, na saa ngapi? Anatuhumiwa kosa gani? Je, anaweza kupewa dhamana ya kituo? Nakilini namba ya OB. Bila namba hiyo, kwa makaratasi mtu wenu hayupo.

Mkiambiwa hayupo, ulizeni ni kituo gani kingine, kisha mgawane: mmoja aende Makupa, mmoja Central, mmoja Nyali, kulingana na lilikoelekea gari. Andikeni na hilo jibu la "hayupo", saa yake na aliyelitoa.

Dhamana ya polisi haina ada. Kama ni ya pesa taslimu, mtapewa risiti, na pesa zitarudi mtu akitimiza masharti. Pesa isiyo na risiti si dhamana. Najua mama aliyesimama kaunta usiku wa manane, mwanawe akilia ndani, hataki kusikia hotuba yangu kuhusu risiti, na sitamlaumu. Ndiyo maana asiwe peke yake.

Angalieni umri. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hachanganywi na watu wazima, na kumzuilia kunatakiwa kuwa hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai hadi miaka 12, kutoka 8. Bebeni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haitozwi. Mwanamke naye apekuliwe na mwanamke mwenzake tu.

Kama mtu ameumia, ombeni apelekwe hospitali, na mkimpata nje mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kisha ijazwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Alama za mwili hufifia haraka, na jeraha la Ijumaa likionyeshwa Jumatano lina maswali mengi.

Hatua ya tano: mahakamani

Fikeni mapema, mkae mahali mtu wenu atawaona. Akisimama kizimbani na aliteswa, amwambie hakimu mwenyewe, kwa sauti, ili iandikwe kwenye kumbukumbu ya kesi. Akiwa hajui Kiingereza, aombe Kiswahili au mkalimani. Dhamana ni haki yake kwa masharti yasiyomkomoa, isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimuweki mtu rumande. Hilo limo kwenye Kifungu cha 49 hichohicho, aya ya pili, na watu wengi hawalijui.

Je, mtu haonekani popote, saa 24 zimepita? Hapo kuna ombi la kuiambia Mahakama Kuu imwamuru aliyemshika amlete mtu huyo mbele yake. Kifungu cha 25 kinaiweka haki hiyo miongoni mwa zile nne zisizowekewa mipaka kwa hali yoyote. Na msiogope gharama za kuanza: Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za msingi, na kanuni za mwaka 2013, zinazojulikana kama Kanuni za Mutunga, zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida au maneno ya mdomo. Wakili akipatikana, ni heri. Akikosekana, barua iandikwe usiku huohuo.

Hatua ya sita: malalamiko yanayosomwa

Kuna Mamlaka Huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Zote zina ofisi Mombasa. Hapa kwetu pia kuna mashirika ya MUHURI na HAKI Africa yaliyozoea kazi hii. Pelekeni barua ya ukurasa mmoja: nani, lini, saa ngapi, wapi, nini kilitokea, nani aliona, mnaomba nini. Bandikeni nakala ya daftari, si daftari lenyewe. Mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Matusi yaacheni nje ya barua. Neno "mnyama" halijawahi kumsaidia mtu, lakini "saa 9.40 alasiri" limesaidia.

Mkiulizwa mbona mnatetea wezi

Mtaulizwa, na atakayeuliza ni jirani mwema ambaye mwanawe alikatwa panga na vijana waliovamia mtaa. Kisauni tunazijua jioni hizo: maduka yanafungwa mapema, watu wanaitana kwa simu kabla ya kuvuka uchochoro. Msimjibu kwa vifungu. Kaeni naye, msikilizeni kwanza, kisha mwambieni ukweli: vijana sita wakizolewa kwa sababu ya kukaa nje kwa kinyozi, aliyemkata mwanawe anaendelea kutembea. Na kesi ikipelekwa bila ushahidi, itatupwa. Jirani huyo anataka mkamatwa awe ndiye, na kesi isimame. Sisi pia.

Kwa hiyo kikundi chenu kimsindikize aliyeibiwa pia. Mwandikieni saa, mpelekeni akapate namba ya OB, mfuatilieni kesi yake. Tulipofanya hivyo kwa mzee mmoja aliyenyang'anywa simu na kupigwa, barza iliyokuwa ikituita watetezi wa wahuni ndiyo iliyotuletea benchi la kukalia. Haki inayomtazama mmoja tu haiwezi kuaminiwa na mtaa.

Msiyakatae mazungumzo na polisi wenyewe. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama hukaa na hakimu, polisi, magereza na wananchi meza moja. Ombeni nafasi. OCS, yaani mkuu wa kituo, anayewajua kwa sura na kwa adabu atapokea simu yenu usiku.

Hatua ya saba: jambo la mtaa mzima

Msako ukirudi kila mwezi, kusindikiza mtu mmojammoja hakutoshi. Hesabuni kwenye daftari: mara ngapi, siku gani, wangapi waliachiliwa bila shtaka. Hesabu yenu wenyewe, ya mtaa mmoja, ina uzito kuliko kilio kirefu. Halafu chagueni njia.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba maelezo kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika aseme, afisa amwandikie. Jibu lije ndani ya siku 21, na kama linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Wakikaa kimya, mnaenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Bunge la kaunti nalo hupokea maombi ya wananchi. Andikeni ombi moja, jambo moja. Tulipochanganya msako na taa za barabarani kwenye karatasi moja, tulijibiwa kuhusu taa.

Mkiamua kuandamana, andaeni ilani kwa OCS, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Iwe na jina na anwani ya mwandaaji, tarehe, mahali au njia, na saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni ilani, si maombi ya ruhusa, na lugha ya barua ilionyeshe hilo: "Tunakujulisha", si "Tunaomba kibali". Wekeni watu wenu wa kuongoza njia, wenye fulana za rangi moja, na maji ya kutosha.

Jipangeni kwa miaka. Watu wa Owino Uhuru pale Mikindani, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walianza na akina mama wachache na vipimo vya damu vya watoto. Phyllis Omido, aliyewaongoza, alikamatwa katikati ya mapambano hayo, kisha mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira. Mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Makaratasi ya kwanza kabisa yalikuwa ya kliniki.

Na jilindeni. Mwaka 2015, MUHURI na HAKI Africa waliwekwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kufadhili ugaidi, akaunti zao zikafungwa, hadi Mahakama Kuu hapa Mombasa ilipoamuru zifunguliwe mwaka huohuo. Siku kama hiyo, vitabu vya hesabu vilivyo sawa ni ngao. Nanyi, hata mkichanga shilingi hamsini za nauli ya kwenda mahakama ya Shanzu, ziandikeni na mhifadhi risiti. Majina ya mashahidi yasikae kwenye simu ya mtu mmoja, na shahidi asitajwe popote bila kukubali mwenyewe.

Daftari lenyewe

Nunueni lenye jalada gumu. Kurasa zipewe namba kabla ya kuanza kuandikwa, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Kalamu ya wino, si penseli. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika upya, weka sahihi. Libaki mahali pamoja panapofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku. Letu liko kwa kinyozi, nyuma ya kioo. Ukurasa wa kwanza andikeni namba za simu za vituo vilivyo karibu, wakili mmoja aliyekubali kupigiwa, 116, na watu watatu wa kikundi kwa zamu. Kalamu ifungwe kwa uzi kwenye daftari, na saa ya ukutani hapo kwa kinyozi irekebishwe kila Ijumaa kwa kufuata ya redio.